Nyota Kwenye Kadi ya Fundi Ben

Mpe mwenye wivu rungu, atapiga mtu mmoja na kuchoka. Mpe kalamu na mamlaka ya kuandika kanuni, hapo ndipo mtakaposhika vichwa. Gicheru, mkuu wa ulinzi wa Uwanja wa Ndege wa Kirimara, alipewa kalamu.

Uwanja wenyewe ni mdogo, uko kando ya barabara ya kutoka Kiganjo kwenda Nanyuki, na ndege zinazotua hapo ni zile nyepesi za kubeba watalii na maboksi ya maua. Kwa miaka mingi wafanyakazi wote walikuwa na kadi moja ya kufanana, nyeupe, yenye picha na jina, na kadi hiyo ilimfikisha mtu popote: ofisini, kwenye mizigo, mpaka chini ya bawa la ndege. Mkata nyasi na rubani walikuwa sawa mbele ya geti. Halafu wakubwa wa Nairobi wakaandika kwamba mchezo huo uishe, kila mtu apewe kadi ya rangi kulingana na kazi yake na mahali anaporuhusiwa kufika. Meneja wa uwanja, Phyllis, mama wa miwani asiyependa maneno mengi, akamwita Gicheru ofisini.

"Wewe ndiye ulikuwa polisi," alimwambia. "Nigawie hawa watu kwa rangi. Nani anaingia wapi, na kwa nini. Wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi."

"Na nani ataamua rangi ya nani, Madam?"

"Si ndio nakuambia. Wewe."

Gicheru alitoka pale akitembea polepole, maana neno hilo lilikuwa limemwingia vizuri kuliko chai ya asubuhi. Alikuwa na sababu yake.

Mkewe, Wacera, ndiye aliyekuwa na mkahawa wa wafanyakazi pale uwanjani, kibanda cha mabati karibu na ukumbi wa abiria. Gicheru mwenyewe ndiye aliyemtafutia nafasi hiyo, na alijisifu kwayo mpaka mwaka uliopita, alipokuja Ben. Ben alikuwa fundi mkuu wa ndege, mtu wa Gakindu kule Mukurweini, kijana wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa grisi, meno meupe, mtu wa kucheka hata akiwa peke yake chini ya injini. Na tangu aje, Wacera alianza mambo.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Wengine wote, marubani wakiwemo, walikuja kunywa chai yao kibandani. Wakiwa na haraka aliwapelekea vikombe vya karatasi ndegeni, akawakabidhi na kugeuka. Lakini chai ya Ben ilikuwa na heshima zake. Kila saa nne asubuhi Wacera alifunga themosi, akatoa mkobani kikombe cha bati, cheupe chenye mdomo wa buluu, ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukinywea, akavuka uwanja hadi kwenye banda la ndege na kukaa huko mpaka kikombe kiishe. Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Siku hiyo alipika wali wa pishori, ule wa kwao Mwea, akaubeba kwa bakuli lenye kifuniko. Gicheru mumewe alikula githeri, mahindi na maharage, wiki nzima na hakuulizwa kama imeiva.

Kutoka kibanda cha ulinzi getini Gicheru aliona kila kitu. Alimwona akimimina, akisimama na mikono yake kifuani, akisimulia jambo refu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba alimwona akicheka. Kicheko hicho alikijua. Wacera alikuwa nacho alipoolewa, na alikipoteza walipompa jina mtoto wao wa pili.

Hapo inafaa tusimame kidogo. Kwa Wakikuyu jina la mtoto haliokotwi tu kwa kuwa linapendeza. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba ya mume, wa pili huitwa jina la baba ya mke, na mzee aliyepewa mjukuu wa jina lake husemwa kwamba amezaliwa. Mtoto wa kwanza wa Gicheru na Wacera aliitwa Gatimu, sawasawa kabisa. Wa pili alikuwa wa mzee wa Mwea, baba yake Wacera. Lakini majuma machache kabla ya mtoto huyo kuja duniani, Gikonyo, kaka mkubwa wa Gicheru, alikufa kwa ajali ya trekta. Mama yao akaenda hospitali, akamchukua mtoto mikononi, akalia, akasema huyu ni Gikonyo amerudi. Gicheru hakuwa na moyo wa kumpinga mama yake. Alimwambia Wacera, wa tatu atakuwa wa mzee. Wa tatu hakuja, daktari alisema tumbo halitabeba tena, na mzee wa Mwea akafa bila kuzaliwa. Wacera hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, na Gicheru, kwa uvivu wa wanaume wengi, akauhesabu ukimya ule kuwa msamaha. Mambo yalipita, alisema, na maisha yakaendelea.

Sasa alikaa mezani na karatasi, na kazi aliifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Kadi nyekundu ilikuwa ya marubani, mafundi na watu wa zimamoto. Mwenye nayo alifika kila mahali. Bluu ilikuwa ya wapakia mizigo na wakata tiketi. Hao waliruhusiwa kuvuka geti la ndani na kukaribia ndege iliyoegeshwa. Kijani ilikuwa ya ofisini. Njano ilikuwa ya wafagiaji, wanafunzi wa ufundi na vibarua wa muda, na njano haikuvuka geti la ndani kwa hali yoyote.

Kwa hali yoyote, isipokuwa moja. Mwongozo wa Nairobi ulitaka pawe na wasindikizaji, wenye kadi nyekundu iliyochapwa nyota pembeni. Mwenye njano akihitajika ndani, mwenye nyota atamchukua getini. Wasiachane zaidi ya urefu wa mkono. Msindikizaji asimpe mgongo anayemsindikiza, wala asimwache mpaka amrudishe getini. Gicheru alinakili kipengele hicho bila kukifikiria, akili yake ilikuwa mbali. Nyota akazigawa tatu: ya Madam, yake mwenyewe, na ya Ben, kwa sababu Ben alikuwa na wanafunzi na hangeweza kufanya kazi bila wao.

Likabaki suala la mkahawa. Mkahawa ulistahili bluu, na Gicheru alijua hivyo, maana kupeleka chai ndegeni ilikuwa sehemu ya kazi ya Wacera. Aliinua macho dirishani. Kule bandani Wacera alikuwa ameinama, anacheka mpaka anashika goti. Gicheru akaandika njano, akapiga mstari chini yake.

Phyllis alipofika kwenye mstari huo alisimama. "Mkahawa njano? Si hawa hupeleka chai mpaka kwa ndege?"

"Hiyo ndio risk yenyewe, Madam. Mkahawa iko na gesi, iko na visu. Mtu wa visu hafai kukaribia ndege."

"Na ni bibi yako."

"Ndio maana. Watu wasiseme napendelea."

Phyllis alimtazama juu ya miwani, kisha akatia sahihi na kumsifu kwa kutopendelea. Gicheru alipokea sifa hizo bila kupepesa macho.

Kadi alizichapa yeye mwenyewe kwa ile printa ndogo ya ofisini. Ya Ben ilitoka mapema: picha ya kucheka, BEN WAMAE, FUNDI MKUU, nyekundu, nyota. Gicheru aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alichokiona ni meno tu. Akaitupa kwenye boksi. Kisha akachapa ya mkewe, na hiyo akaipuliza ikauke vizuri.

Wacera aliletewa kadi akiwa anakanda unga. Alinawa mikono, akaja getini akiishika kwa ncha za vidole.

"Baba Gatimu, hii kadi yangu ni ya yellow."

"Ndio."

"Anita wa mizigo ako na blue. Na mimi ndio hupeleka chai huko."

"Marubani watakuja kuchukua chai yao. Sio mimi nimesema, ni mambo ya security."

"Na Ben?"

Ati na Ben. Alilitaja jina hilo mchana, mbele ya mlinzi, bila kumeza mate.

"Ben ako na miguu," alisema Gicheru.

Wacera aliivaa kadi yake shingoni, akarudi kwenye unga. Siku hiyo themosi haikuvuka. Gicheru alikaa kibandani akiitazama ile njia tupu kutoka mkahawani hadi bandani, na githeri ya mchana ilimwendea vizuri ajabu.

Kesho yake, saa nne, Ben alifika getini kwa upande wa ndani, amenawa mikono, kadi imekaa kifuani.

"Mkubwa, habari ya asubuhi. Nimekuja kuchukua mama wa chai."

"Kumchukua umpeleke wapi?"

"Kumsindikiza. Si kanuni inasema mwenye nyota anaweza? Hiyo karatasi yako nimeisoma yote jana. Umeiandika poa sana."

Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe hawakumjua Gicheru, lakini walimsema yeye. Alitafuta neno la kukataa, akakuta kila neno alilokuwa nalo alishaliandika na Madam ameshalitia sahihi. Akafungua geti. Wacera akapita na themosi, Ben akampokea themosi hiyo kwa adabu, wakaenda bega kwa bega, hawaachani urefu wa mkono, hawapeani mgongo.

Zamani Wacera alivuka peke yake, akakaa kidogo, akarudi peke yake. Sasa Ben alimfuata, akampeleka, akakaa naye, kisha akamrudisha mpaka mlangoni. Gicheru alikuwa amemtafutia mkewe mwanamume wa kutembea naye kila siku, kwa sheria, na kufungua geti ilikuwa kazi yake.

Abdiwahid, mlinzi wa zamu, mwana wa wafanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, hakuwa mtu wa kusema sana. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia.

"Wallahi, bosi, hii sheria yako ni ya harusi."

"Angalia geti," alisema Gicheru.

Wakaguzi walipokuja mwisho wa mwezi walipendezwa na kila kitu. Mkubwa wao, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, alisimama kando ya Gicheru getini wakati Ben na Wacera wanavuka. Katikati ya njia kiatu cha Wacera kikafunguka. Akainama. Ben, bila kujua, akaenda hatua kadhaa mbele.

"Hao wameachana," alisema mkaguzi. "Njano iko peke yake katikati ya ndege. Hapa tunaweza kuwaangusha."

"Ni kiatu tu, afande."

"Waambie wakaribiane."

Walinzi wawili walikuwa wanasikiliza, na Abdiwahid alikuwa ameanza kuikagua bawaba ya geti kwa makini sana.

"Karibianeni," aliita Gicheru.

Wacera aliinua kichwa, akageuka kumtazama. Ben akarudi nyuma, akasimama kando yake.

"Zaidi," alisema mkaguzi. "Kuna ndege imewasha injini hapo. Upepo wake ukimsukuma huyo mama, nani atamshika?"

"Karibianeni zaidi," aliita Gicheru. Ben akamshika Wacera kiwiko, wakaendelea hivyo hadi bandani.

"Sasa hiyo ndio kusindikiza," alisema mkaguzi, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake. Uwanja ukapita. Phyllis akawanunulia watu soda, na Gicheru akapewa ya kwanza.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Gicheru alikonda mpaka mkanda wa sare ukatobolewa tundu jipya. Nyumbani alikaa mezani akimchungulia mkewe anavyopakua chakula, akitafuta dalili. Akiimba jikoni, ilikuwa dalili. Asipoimba, ilikuwa dalili kubwa zaidi. Aliogopa kumuuliza, maana anayeuliza hujibiwa, na hakuwa tayari kusikia mwanamke aliyezaa naye watoto wawili akimwambia kwamba amemchoka. Kumpoteza Wacera ndilo jambo pekee lililomwogopesha duniani, na hakuwahi kumwambia hivyo hata siku moja.

Badala ya kuuliza, akairudia printa.

"Kadi yako imefifia picha," alimwambia Ben jioni moja. "Niachie nikuchapie ingine."

Ben aliivua, akampa. Kadi iliyorudi ilikuwa na picha safi, jina lilelile, rangi ileile nyekundu. Nyota haikuwepo. Utepe wa wino uliishia hapohapo, na Gicheru hakujali, maana kazi aliyoutakia ilikuwa imekwisha.

Asubuhi iliyofuata ndege ya watalii ikapata tatizo la gurudumu. Abiria walikuwa tayari wameketi juu ya mabegi yao, wamevaa kofia za jua. Ben akawaita wanafunzi wake wawili walete gurudumu jipya kutoka stoo. Wakafika nalo getini, wanalisukuma, na Abdiwahid akawazuia.

"Nyinyi ni njano. Msindikizaji yuko wapi?"

"Ni mimi, kila siku ni mimi," alisema Ben, akainua kadi yake. Abdiwahid aliitazama, akaigeuza, akamrudishia.

"Haina nyota, kaka."

Kukawa na kelele, kisha kukawa na Phyllis. Alikuja akiwa ameshika miwani mkononi, jambo ambalo wafanyakazi wote waliliogopa.

"Gicheru, nyota ya Ben iko wapi?"

"Printa ilikosea, Madam."

"Printa ilimjua Ben peke yake?"

Gicheru aliirekebisha kofia yake.

"Chapa ingine."

"Wino imeisha. Inatoka Nairobi, labda kesho."

Phyllis alivaa miwani polepole. "Kwa hivyo wenye nyota leo ni mimi na wewe. Mimi niko na wazungu wa kuomba msamaha. Wewe utasindikiza kila mtu mwenye njano leo. Wanafunzi, gurudumu, na ile chai pia. Hakuna kitu kitakwama hapa tena kwa sababu ya printa yako."

Wacera alikuwa amesimama mlangoni pa mkahawa, kitambaa begani. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama mumewe, na Gicheru akaona kwamba ameelewa: njano, visu, gesi, picha iliyofifia, yote. Alingoja amtukane. Wacera aliingia ndani kufunga themosi.

Gurudumu lilifungwa, ndege ikaondoka, wanafunzi wakarudishwa. Saa nne ilikuwa imepita zamani Wacera alipofika getini. Gicheru alichukua themosi, wakaanza kutembea. Hawakuwa wametembea hivi, wawili tu, ubavu kwa ubavu, kwa muda ambao hakuweza kuukumbuka. Alipaswa kuufurahia. Lakini alichofikiria ni kwamba leo ataona kwa macho yake, wathubutu kucheka mbele yake.

"Wacera."

"Ee."

"Huyu mtu ni nani kwako?"

"Si tunaenda kwake. Utajua."

Ben alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa bandani. Alipomwona Gicheru alisimama haraka, akajipangusa mikono kwa kitambaa, na uso wake wa kucheka ukawa mzito. Gicheru alifurahi. Anaogopa, alisema moyoni, na mtu haogopi bure.

Wacera alitoa kikombe cha bati mkobani, akamimina. Kisha akakishika kwa mikono miwili na kuinama kidogo, jambo ambalo Gicheru hakuwa amemwona akimfanyia mtu yeyote kwa miaka mingi.

"Baba, chai ndio hii."

Ben alimtazama Gicheru, akamtazama Wacera, akakipokea. "Asante, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Ati baba?" alisema Gicheru. "Huyu kijana ni mdogo kwangu kwa miaka kumi. Amekuwa baba yako kutoka lini?"

"Soma kadi yake," alisema Wacera.

"Kadi naijua. Mimi ndio niliichapa."

"Soma tu."

Gicheru alisoma. Meno safari hii hakuyaona. Aliona BEN, na baada yake akaona WAMAE, herufi nyeusi, kubwa, alizozipiga kwa vidole vyake mwenyewe. Akakitazama kikombe. Akakumbuka uwanja wa nyumba moja kule Mwea, mchana wa joto, wazee wa kwao wameketi na maneno ya posa mdomoni, na mbele yao mzee mwembamba mwenye koti, anakunywa uji kwa kikombe cheupe chenye mdomo wa buluu, hana haraka. Mzee Wamae, baba yake Wacera, na kwa Wakikuyu mwenye jina la baba yako huitwa baba. Gicheru hakuwahi kulitamka jina hilo, kwa sababu mkwe haitwi jina, na baada ya mzee kufa hakuna aliyelihitaji nyumbani kwake.

"Umeichapa hiyo kadi mara mbili," alisema Wacera. Hakupaza sauti. "Mara ya kwanza ukaweka nyota, mara ya pili ukatoa nyota. Jina ukalipita mara zote mbili."

"Wacera."

"Siku Ben alifika hapa kazi, aliniambia jina yake yote. Nilienda nyuma ya jiko nikalia. Nikasema, Baba Gatimu ndiye hukagua majina ya watu, ataliona. Jioni atakuja aniambie, Wacera, kuna mtu amekuja kazini anaitwa kama mzee wenu. Nikangoja hiyo jioni. Nimengoja mwaka mzima."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Jina hilo kwako halina mtu."

Ben alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. "Mkubwa, mimi nilidhani unajua," alisema. "Kila siku nashangaa mbona huyu hanisalimii kama mkwe."

Gicheru alitamani kuondoka. Alitamani hata kugeuka tu, atazame magurudumu, atazame mlima, atazame chochote. Lakini msindikizaji hampi mgongo anayemsindikiza, wala hamwachi mpaka amrudishe getini, na Abdiwahid alikuwa anatazama kutoka mbali. Akabaki amesimama, urefu wa mkono kutoka kwa mkewe, na themosi.

Wivu nao haukumtoka, msidhani ulimtoka. Ulihama tu. Ulimwacha fundi, ukamwendea mzee aliyezikwa Mwea, mtu ambaye hangevaa kadi ya rangi yoyote, na ambaye bado aliweza kumfanya Wacera acheke. Huyo, Gicheru hakuwa na geti la kumfungia.

Wacera alikaa kwenye sanduku la vifaa, akamgeukia Ben, akaanza kusimulia kama kwamba wako wawili tu. Alimwambia kwamba goti lake linamsumbua tena asubuhi. Alimwambia kwamba Gikonyo anataka kuacha shule ajifunze umeka, ufundi wa magari, na kwamba huwa analia akiwa peke yake. Gicheru hakuwa anajua habari ya goti wala habari ya mtoto. Kisha alimwambia, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba amekuwa akifikiria kufunga mkahawa mwezi ujao arudi nyumbani Mwea, kwa shamba la mpunga, na kwamba hajui kama kuna mtu atamzuia.

Gicheru alivua kofia yake ya kazi.

Ben alinywa chai yake mpaka mwisho, polepole. Akakipangusa kikombe kwa upande safi wa kitambaa, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Kwetu hakujafungwa, mwanangu," alisema. "Lakini huyu mkwe wangu amesimama tangu mfike. Amekunywa chai?"

Wacera alikirudisha kikombe mkobani, akafunga mkoba.

"Kikombe ni kimoja, baba," alisema. "Yeye atakunywa getini."